Vera Rubin

Vera Florence Cooper Rubin (Philadelphia, Pennsylvania, 23 Julai 1928 – Princeton, New Jersey, 25 Desemba 2016) alikuwa mwanaastronomia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa vipimo vya kasi ya mzunguko wa galaksi alivyovifanya pamoja na mwanafizikia Kent Ford kuanzia miaka ya 1960. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba nyota na gesi zilizo pembeni mwa galaksi huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ile inayotazamiwa kutokana na maada inayoonekana. Matokeo hayo ni kati ya ushahidi muhimu uliowafanya wanasayansi wakubali kwamba sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haitoi mwanga wowote. Maada hiyo huitwa maada giza.

Rubin alitoa makala za kisayansi zaidi ya 100. Karibu kazi zake zote kubwa alizifanya pamoja na watu wengine: mafundi wa vyombo, wanaastronomia wa mawimbi ya redio, wanafunzi, na watafiti chipukizi aliowaalika kwenye darubini.

Maisha ya awali na elimu

Rubin alizaliwa katika familia ya Kiyahudi iliyotokana na wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Baba yake, Philip Cooper, alikuwa mhandisi wa umeme. Mama yake, Rose Applebaum, aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya simu. Alikuwa na dada mkubwa mmoja, Ruth, ambaye baadaye alikuwa hakimu.

Mwaka 1938 familia ilihamia Washington, D.C. Kitanda cha Vera kilikuwa karibu na dirisha lililotazama kaskazini, naye alizoea kukesha akifuatilia jinsi nyota zinavyohama angani kadiri usiku unavyoendelea. Baba yake alimsaidia kutengeneza darubini ndogo kwa bomba la karatasi ngumu, ingawa alikuwa na shaka kama binti yake angeweza kupata riziki kwa kazi ya nyota.

Alisoma katika Chuo cha Vassar, jimbo la New York. Katika karne ya 19 chuo hicho kilikuwa na profesa wa astronomia mwanamke, Maria Mitchell, na habari hiyo ilimtia moyo. Alihitimu mwaka 1948, akiwa mwanafunzi pekee wa mwaka huo aliyemaliza katika fani ya astronomia. Alitaka kuendelea katika Chuo Kikuu cha Princeton, lakini wakati ule idara ya astronomia ya Princeton haikupokea wanawake kwa masomo ya juu. Iliwaruhusu mwaka 1975 tu.

Mwaka huohuo wa 1948 aliolewa na Robert Rubin, mwanafunzi wa kemia ya kifizikia katika Chuo Kikuu cha Cornell, akamfuata huko kusomea shahada ya uzamili. Cornell alifundishwa fizikia na Hans Bethe, Richard Feynman na Philip Morrison. Msimamizi wake katika astronomia alikuwa Martha Carpenter, aliyechunguza mwendo wa galaksi.

Tafiti za kwanza

Kwa ajili ya shahada ya uzamili Rubin alikusanya takwimu za galaksi 109 ambazo kasi zake zilikuwa zimeshapimwa na wengine. Aliondoa sehemu ya kasi inayotokana na kupanuka kwa ulimwengu, kisha akaangalia kilichobaki. Alitaka kujua kama galaksi zina mwendo mwingine wa pamoja. Aliona dalili za mwendo wa namna hiyo, akapeleka matokeo yake kwenye mkutano wa Shirika la Astronomia la Marekani uliofanyika Haverford, Pennsylvania, Desemba 1950.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22 na mtoto wake wa kwanza alikuwa na wiki chache tu. Kabla ya safari alishauriwa amwachie profesa mmoja aisome kazi hiyo mbele ya mkutano kwa jina la profesa huyo. Alikataa, akasafiri na mtoto na wazazi wake, akaisoma mwenyewe. Wengi wa waliomsikiliza hawakukubaliana naye, na kazi hiyo haikupata nafasi katika majarida makubwa. Takwimu zilikuwa chache mno kwa hitimisho kubwa kama lile. Hata hivyo swali lenyewe lilikuwa la maana, na Rubin alilirudia miaka 25 baadaye.

Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1954 katika Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington. Msimamizi wake alikuwa George Gamow, mwanafizikia mzaliwa wa Odesa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa nadharia ya mlipuko mkuu. Gamow alifundisha katika chuo kikuu kingine mjini humo, kwa hiyo vyuo viwili vililazimika kukubaliana. Masomo yalikuwa ya jioni. Rubin hakujua kuendesha gari. Mumewe alimpeleka na kumngoja nje, na wazazi wake Vera walibaki na watoto.

Tasnifu yake ilihusu jinsi galaksi zilivyotawanyika angani. Rubin alionyesha kwa hesabu kwamba hazikutawanyika ovyo kama punje za mchanga zilizomwagwa, bali zimekusanyika katika makundi. Matokeo hayo hayakupewa uzito wakati ule. Tangu miaka ya 1970 na 1980, ramani kubwa za galaksi zimethibitisha kwamba kweli galaksi hupangika katika makundi na nyuzi ndefu zenye nafasi tupu katikati.

Miaka ya Georgetown

Baada ya shahada ya uzamivu Rubin alifundisha kwa muda katika chuo kidogo cha Kaunti ya Montgomery, kisha akarudi Georgetown alikofanya kazi kama mtafiti na mwalimu kwa miaka kumi hivi. Katika kipindi hicho alilea watoto wanne: David, Judith, Karl na Allan. Wote wanne walikuja kupata shahada za uzamivu katika sayansi au hisabati, na Judith alikuwa mwanaastronomia kama mama yake.

Mwaka 1962 Rubin alitoa makala pamoja na wanafunzi wake sita. Walikusanya vipimo vya nyota zenye joto kali na mwanga mwingi katika Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, wakachunguza kasi za zile zilizo mbali na kitovu kuliko Jua. Waliona kwamba kasi hizo hazipungui kama ilivyotazamiwa. Hapa lilitokea kwa mara ya kwanza katika kazi zake jambo lililokuja kumpatia sifa, ingawa wakati huo wachache walilitilia maanani.

La Jolla na Palomar

Mwaka wa masomo wa 1963/64 familia ilihamia kwa muda La Jolla, California. Huko Rubin alifanya kazi na Margaret Burbidge na mumewe Geoffrey Burbidge, waliokuwa wakipima mzunguko wa galaksi kwa darubini kubwa. Ushirikiano huo ulizaa makala kadhaa za pamoja. Rubin alieleza baadaye kwamba jambo lililomgusa zaidi lilikuwa kuona wanaastronomia wakubwa wakiyachukulia mawazo yake kwa uzito.

Mwaka 1965 aliruhusiwa rasmi kutumia darubini za Mlima Palomar, California, ambako ilikuwepo darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani, yenye kioo cha mita 5. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa ruhusa hiyo kwa jina lake mwenyewe. Sababu iliyotolewa miaka yote kuwazuia wanawake ilikuwa kwamba choo kilikuwa kimoja, tena cha wanaume. Rubin alikata karatasi kwa umbo la sketi, akaibandika juu ya picha ya mwanamume iliyokuwa kwenye mlango wa choo. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi katika mihadhara yake.

Ushirikiano na Kent Ford

Mwaka 1965 Rubin aliajiriwa na Taasisi ya Carnegie mjini Washington, katika Idara ya Sumaku ya Dunia, akawa mwanasayansi wa kwanza mwanamke katika idara hiyo. Aliomba aondoke ofisini saa tisa alasiri ili awe nyumbani watoto wanaporudi kutoka shule, akakubaliwa kwa mshahara uliopunguzwa. Kazi iliyobaki aliifanya nyumbani usiku. Alibaki na taasisi hiyo maisha yake yote ya kazi.

Huko alikutana na Kent Ford (1931–2023), mwanafizikia aliyeshughulikia vyombo. Ford alikuwa ameunda spektrografu yenye kifaa cha kielektroniki cha kukuza mwanga hafifu. Mwanga wa galaksi ulipogonga sehemu ya mbele ya kifaa, ulitoa elektroni. Elektroni hizo ziliongezewa nguvu kwa umeme, zikagonga kioo kinachong'aa, na kioo hicho ndicho kilichopigwa picha. Kwa njia hiyo muda wa kupiga picha ya spektra ulipungua hadi kama sehemu moja ya kumi. Kazi iliyohitaji usiku mzima sasa ilimalizika kwa saa moja au mbili.

Wawili hao waligawana kazi kulingana na uwezo wa kila mmoja. Ford alijua chombo na jinsi ya kukiboresha. Rubin alijua swali la kuuliza na jinsi ya kupima bamba za picha. Wote wawili walisafiri na chombo hicho hadi kwenye darubini za Lowell na Kitt Peak katika jimbo la Arizona, na usiku walikaa pamoja kwenye darubini.

Mwanzoni walipima kwasari, magimba yenye kung'aa sana yaliyo mbali mno, ambayo yalikuwa yamegunduliwa miaka michache kabla. Fani hiyo ilikuwa na ushindani mkali, na watu walimpigia Rubin simu kudai matokeo kabla hajayahakiki. Hakuipenda hali hiyo. Aliamua kutafuta swali ambalo hakuna aliyelikimbilia, ili apate muda wa kulijibu sawasawa. Swali alilochagua lilikuwa: nyota zilizo pembeni mwa galaksi huzungukaje?

Galaksi ya Andromeda

Galaksi ya Andromeda iko umbali wa takriban miakanuru milioni 2.5. Ni galaksi kubwa iliyo karibu nasi kuliko nyingine zote kubwa. Katika Afrika ya Mashariki inaweza kuonekana upande wa kaskazini usiku wa miezi ya Oktoba hadi Desemba, mahali penye giza la kutosha, kama doa hafifu katika kundinyota la Mara.

Rubin na Ford walichagua mawingu ya gesi ya hidrojeni yanayong'aa kwa sababu ya nyota changa zilizomo ndani yake. Nafasi za mawingu hayo zilikuwa zimeorodheshwa na mwanaastronomia Walter Baade. Mengi hayaonekani kwa jicho hata kwa darubini kubwa, kwa hiyo walilazimika kulenga kwa kupima umbali kutoka nyota za jirani.

Kasi ya wingu hupimwa kwa athari ya Doppler. Hidrojeni hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi maalumu. Wingu linapotukaribia, mawimbi yake hufupika kidogo, linapotuacha, hurefuka. Ni sawa na honi ya gari, ambayo sauti yake husikika nyembamba gari linapokuja na nzito linapokwisha kupita. Upande mmoja wa galaksi inayozunguka hutujia na upande wa pili hutuacha, hivyo kwa kulinganisha pande hizo kasi ya mzunguko hupatikana.

Matokeo yalitolewa mwaka 1970 katika jarida la Astrophysical Journal. Waandishi walitoa kasi za mawingu 67, kuanzia umbali wa kiloparseki 3 hadi 24 kutoka kitovu cha galaksi, yaani takriban miakanuru 10,000 hadi 78,000. Kwa mengi kati ya hayo, kosa la kipimo halikuzidi kilomita 10 kwa sekunde. Kasi ilipanda kufikia kilomita 270 kwa sekunde hivi, na baada ya hapo haikushuka kwa kiasi kilichotarajiwa.

Makala hiyo haikudai kwamba kuna maada giza. Ilitoa vipimo na hesabu ya masi ya galaksi hadi pale vipimo vilipofika, ikaishia hapo.

Kwa nini matokeo hayo yalishangaza

Katika mfumo wa Jua, karibu masi yote, yaani wingi wote wa maada, imo ndani ya Jua lenyewe. Sayari iliyo mbali huvutwa kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo huenda polepole. Utaridi husafiri kwa kilomita 48 hivi kwa sekunde, Dunia kwa 30, na Neptuni kwa 5.4 tu. Kanuni yake ni rahisi: umbali ukizidi mara nne, kasi hupungua kuwa nusu.

Katika galaksi, mwanga mwingi umo karibu na kitovu na hufifia kuelekea pembeni. Ikiwa maada imejaa pale palipo na mwanga, basi nyota za pembeni zingepaswa kuwa na kasi ndogo kuliko za ndani, kama ilivyo kwa sayari za mbali. Ukichora grafu ya kasi dhidi ya umbali, mstari ungepanda kwanza, kisha ungeteremka.

Mstari wa Rubin na Ford haukuteremka bali ulibaki karibu bapa. Ili kasi ibaki ileile kadiri umbali unavyoongezeka, masi iliyo ndani ya obiti lazima iongezeke kwa uwiano uleule: umbali mara mbili, masi mara mbili. Lakini huko pembeni mwanga hauongezeki kwa kiasi hicho. Hivyo kuna mambo mawili yanayowezekana: ama kuna maada nyingi isiyoonekana, ama kanuni ya mvutano tunayoitumia haifanyi kazi sawasawa katika umbali huo mkubwa.

Kutoka galaksi moja hadi sitini

Galaksi moja haitoshi kuthibitisha kanuni. Katika miaka ya 1970 Rubin na Ford waliungana na Norbert Thonnard wa taasisi hiyohiyo, wakatumia darubini zenye kioo cha mita 4 za Kitt Peak na Cerro Tololo nchini Chile. Safari hii walichagua galaksi za mbali zaidi, ambazo nzima yake iliweza kupimwa kwa picha moja ya spektra.

Mwaka 1978 walitoa matokeo ya galaksi 10. Mwaka 1980 walitoa makala kuhusu galaksi 21 za aina ya Sc, yaani zenye mikono iliyofunguka na kitovu kidogo. Walikusudia kuchukua galaksi ndogo sana na kubwa sana kwa pamoja. Kubwa kuliko zote ilikuwa UGC 2885, ambayo siku hizi hupewa jina la utani la Galaksi ya Rubin. Karibu katika zote, kasi ilibaki bapa au iliendelea kupanda hadi mahali pa mwisho palipoweza kupimwa. Safari hii waandishi walisema waziwazi kwamba lazima kuwe na maada isiyotoa mwanga nje ya sehemu inayoonekana ya galaksi.

Mwaka 1982 zilifuata galaksi 23 za aina ya Sb, na mwaka 1985 galaksi 16 za aina ya Sa, zenye kitovu kikubwa na mikono iliyojikunja. Katika kazi hizo mbili alishiriki pia David Burstein. Kwa jumla zilikuwa galaksi 60, na jibu lilikuwa lilelile. Baada ya mfululizo huo, mtu aliyetaka kusema kwamba Andromeda ni galaksi ya pekee hakuwa tena na hoja.

Watafiti wengine na suala la ugunduzi

Vitabu vingine huandika kwamba Rubin aligundua maada giza. Maelezo hayo yanahitaji kusahihishwa, na Rubin mwenyewe alitambua kazi za waliomtangulia.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mwanaastronomia Mswisi aliyefanya kazi California, alipima kasi za galaksi katika kundi la Coma. Aliona kwamba galaksi hizo zilikwenda kasi mno. Bila maada ya ziada isiyoonekana zingekwisha kutawanyika. Mwaka 1939 Horace Babcock alipima mzunguko wa Andromeda na kuona kasi kubwa pembeni, ila vipimo vyake vilikuwa vichache.

Wakati Rubin na Ford wakitumia mwanga, wengine walitumia mawimbi ya redio yanayotolewa na hidrojeni baridi, ambayo hufika mbali zaidi ya nyota. Morton Roberts na Robert Whitehurst walionyesha mwaka 1975 kwamba kasi katika Andromeda hubaki bapa hata nje ya mahali Rubin na Ford walipofika. Albert Bosma wa Uholanzi alifanya hivyo kwa galaksi nyingi katika tasnifu yake ya mwaka 1978. Upande wa nadharia, Jeremiah Ostriker na Jim Peebles walionyesha mwaka 1973 kwamba galaksi bapa isiyozungukwa na maada ya ziada ingepoteza umbo lake.

Kwa hiyo mchango wa Rubin na wenzake ni wa namna nyingine. Walitoa vipimo vingi, safi, vya namna moja, kwa galaksi za kila ukubwa, tena kwa mwanga wa kawaida ambao wanaastronomia wengi waliuamini. Ushahidi uliotoka sehemu mbalimbali ulipokutana na grafu zao, jumuiya ya wanasayansi ilibadili mawazo katika muda wa miaka michache.

Rubin hakusema kwamba suala limekwisha. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli alipendekeza kwamba kanuni ya mvutano ibadilishwe badala ya kuongeza maada. Wanaastronomia wengi hawakubaliani naye, lakini Rubin aliliona wazo hilo kuwa la kufikiriwa. Hadi leo hakuna chembe ya maada giza iliyokwisha kunaswa katika maabara, ingawa vipimo vya sasa vinaonyesha kuwa maada giza inazidi maada ya kawaida kwa zaidi ya mara tano.

Tafiti nyingine

Mwaka 1976 Rubin, Ford, Thonnard na Roberts walirudia swali la mwaka 1950: je, galaksi zina mwendo wa pamoja nje ya upanukaji wa ulimwengu? Kwa kutumia galaksi za mbali walieleza kwamba Njia Nyeupe na jirani zake zinasafiri pamoja kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Matokeo hayo, yaitwayo athari ya Rubin na Ford, yalipingwa sana, kwa sababu vipimo vya mnururisho wa usuli wa ulimwengu vilitoa mwelekeo tofauti. Mwelekeo walioutaja haukuthibitishwa. Hata hivyo katika miaka ya 1980 kundi la watafiti saba, wakiwemo Burstein na Sandra Faber, lilionyesha kwamba mwendo mkubwa wa pamoja wa galaksi upo kweli.

Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 64, Rubin alitoa pamoja na John Graham na Jeffrey Kenney makala kuhusu galaksi ya NGC 4550. Ndani ya sahani moja ya galaksi hiyo, baadhi ya nyota huzunguka upande mmoja na nyingine upande wa pili, bila kugongana, kwa kuwa nafasi kati ya nyota ni kubwa mno. Hali hiyo hudhaniwa kuwa imetokana na galaksi kupokea gesi au kuungana na galaksi nyingine.

Kutetea wanawake katika sayansi

Rubin alisema wazi kwamba wanawake wamenyimwa nafasi katika astronomia kwa sababu zisizo za kisayansi. Aliandika barua kwa waandaaji wa mikutano waliokosa wazungumzaji wanawake, na alihimiza taasisi na kamati za tuzo ziwafikirie. Alipokea pia wanafunzi na watafiti chipukizi. Sandra Faber, aliyekuja kuwa mmoja wa wanaastronomia mashuhuri wa Marekani, alifanya kazi katika idara yake Rubin alipokuwa bado mwanafunzi. Wengi walisema kwamba msaada mkubwa walioupata kwake ulikuwa kuona kwa macho yao kwamba mtu anaweza kulea watoto na kufanya utafiti wa kiwango cha juu.

Tuzo

Mwaka 1981 Rubin alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, akiwa mwanaastronomia mwanamke wa pili baada ya Margaret Burbidge. Mwaka 1993 alipewa na Rais Bill Clinton Nishani ya Taifa ya Sayansi. Mwaka 1996 alipokea Medali ya Dhahabu ya Shirika la Kifalme la Astronomia la Uingereza. Mwanamke aliyemtangulia kuipata alikuwa Caroline Herschel mwaka 1828, yaani miaka 168 kabla. Alipata pia Tuzo ya Gruber ya Kosmolojia mwaka 2002 na Medali ya Bruce mwaka 2003.

Hakupewa Tuzo ya Nobel. Tuzo hiyo haitolewi kwa waliokwisha kufariki, na mwaka 2019, miaka mitatu baada ya kifo chake, Jim Peebles alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi zake za nadharia kuhusu ulimwengu. Wanasayansi wengi wameeleza masikitiko yao kwamba Rubin alipitwa.

Kumbukumbu

Robert Rubin alifariki mwaka 2008 na binti yao Judith mwaka 2014. Vera Rubin alifariki Princeton, mji wa chuo kikuu ambacho hakikuweza kumpokea mwaka 1948.

Asteroidi 5726 Rubin ina jina lake, vilevile ukingo wa miamba kwenye sayari ya Mirihi uliochunguzwa na kigari cha Curiosity. Mwaka 2025 sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya robo dola ya Marekani.

Kumbukumbu kubwa zaidi ni Paoneaanga pa Vera C. Rubin, kwenye mlima Cerro Pachón nchini Chile. Ni kituo cha kwanza cha kitaifa cha astronomia cha Marekani kupewa jina la mwanamke. Darubini yake ina kioo cha mita 8.4 na kamera ya pikseli bilioni 3.2, na picha zake za kwanza zilionyeshwa Juni 2025. Imekusudiwa kupiga picha anga lote la kusini tena na tena kwa muda wa miaka kumi. Kati ya kazi zake kuu ni kupima jinsi maada giza inavyopinda mwanga wa galaksi za mbali, yaani kuendeleza kwa mabilioni ya galaksi uchunguzi ambao Rubin na Ford waliufanya kwa galaksi moja moja.